Upepo Ngapi, Bosi?

"Tuweke ngapi, bosi?" Fundi ameshika mpira wa kompresa, kichwa amekiinua, anasubiri. Dereva yumo ndani, macho kwenye simu, anajibu bila kugeuka: "We weka kawaida tu." Basi fundi anaweka anachokijua yeye. Huenda kawaida yake ni 40, kwa kuwa asubuhi nzima amekuwa akijaza Noah za abiria. Huenda ni makadirio ya mguu: anapiga tairi teke, anasikiliza, anaridhika. Gari linaondoka. Mmoja amejaza, mwingine amelipa, na hakuna kati yao aliyejua kilichotakiwa.

Jibu lilikuwa pale pale, jirani na bega la dereva. Fungua mlango wa upande wake, tazama kwenye nguzo ambayo mlango hufungia. Kuna stika ndogo. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yameshatumika Japani, kwa hiyo stika hiyo imejaa maandishi ya Kijapani, na wenye gari wengi wameizoea kama pambo. Achana na herufi, tafuta tarakimu. Utaona saizi ya tairi, mfano 185/65R15, kisha namba kama 220 au 230 yenye kPa mwishoni, na pengine pembeni yake 2.2 au 2.3. Hicho ndicho kipimo cha upepo ambacho waliolitengeneza gari lako walikipanga kwa uzito wake. Geji za mafundi wetu nyingi zinasoma psi, kwa hiyo kariri ubadilishaji huu: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35, na 250 ni 36. Ukisahau, gawanya kPa kwa 7 na hutapotea mbali.

Soma stika yote kabla hujafunga mlango. Kwenye magari mengine kipimo cha mbele na cha nyuma havilingani. Stika nyingine zina safu mbili: moja ya gari lenye watu wawili watatu, nyingine ya gari lililojaa watu na mizigo. Ukitoka Njombe na viazi gunia mbili kwenye buti na shemeji watatu siti ya nyuma, safu yako ni hiyo ya pili.

Kuna namba nyingine inayowapotosha watu, ile iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe, mara nyingi psi 44 au 51. Hicho ni kikomo ambacho tairi halitakiwi kukivuka. Tairi lile lile linaweza kufungwa kwenye gari dogo la tani moja au kwenye gari zito zaidi, na aliyelitengeneza hakujua litafungwa wapi. Anayejua ni aliyetengeneza gari. Ukijaza mpaka kikomo, gari linarukaruka kwenye kila tuta, kashata za katikati zinalika haraka, na sehemu ya mpira inayogusa lami inapungua. Kwenye mvua utaligundua hilo ukishika breki.

Sasa nije kwenye somo la vijiweni ambalo limewaponza wengi. Linasema hivi: ukienda safari ndefu kwenye jua kali, punguza upepo kidogo, maana ukipata moto utapanuka na tairi litapasuka. Nusu yake ni kweli. Upepo hupanuka ukipata joto, na ukisimama Chalinze baada ya kutoka Dar es Salaam geji inaweza kuonyesha psi 4 zaidi ya ulizoondoka nazo. Waliotengeneza tairi wanalijua hilo, na kipimo cha stika kimeshaliachia nafasi. Nusu ya pili ndiyo sumu. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea chini, ubavu unajikunja kila linapogusa barabara na kujinyoosha linapoinuka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua haraka haraka, halafu gusa pale kinapokunjikia: kimepata joto. Ubavu wa tairi unapata joto hivyo hivyo, saa baada ya saa, mpaka mpira unaanza kuachana na nyuzi na waya zilizomo ndani yake. Vile vipande vya mpira vinavyotapakaa kando ya barabara kuu, vingi vya malori, vimeanzia mara nyingi kwenye upepo pungufu na mzigo uliozidi. Anayepunguza upepo ili tairi lisipasuke analiandaa kupasuka.

Kwa safari ndefu, basi, kipimo ni kile cha stika, na kama gari limejaa ni kile cha juu zaidi. Na ukipima njiani tairi likiwa la moto ukakuta 36 badala ya 32, usiutoe upepo. Liache. Likipoa litarudi lilikotoka.

Kipimo cha stika ni cha tairi lililopoa, yaani gari limelala, au limesimama kwa saa tatu nzima, au halijatembea zaidi ya kilomita mbili tangu liwashwe. Ndiyo maana nasema kazi ya upepo ni ya asubuhi, nyumbani, kabla hujapiga ufunguo. Kama kompresa iko mbali na unafika pale matairi yamepata moto, weka psi 4 juu ya stika, kisha hakikisha kesho yake asubuhi. Wanaokaa pwani na kusafiri nyanda za juu wana jambo la kuongezea hapo. Joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza kama psi 2. Ukitoka Dar ya nyuzi 30 ukaamka Makambako mwezi wa saba kwa nyuzi 8, umepoteza psi 4 bila pancha yoyote. Lakini kwenye mwinuko hewa ya nje nayo ni nyepesi, na hilo linaipandisha geji karibu psi 3. Viwili hivyo vinakaribia kufutana, ila si kila siku na si kila mahali. Kwa hiyo kama utakaa huko wiki nzima, pima huko huko asubuhi na ujaze kwa kusoma geji ya huko.

Nunua geji yako. Nasisitiza yako, kwa sababu geji ya kituoni imeangushwa kwenye sakafu mara nyingi kuliko anavyokumbuka anayeitumia, na bei ya geji ya kawaida haifikii hata robo ya tairi moja. Ipo ya umbo la kalamu, ipo ya mshale, ipo ya dijitali; zote zinafaa. Fungua kofia ya valvu uitie mfukoni, usiiweke chini kwenye mchanga. Bana mdomo wa geji juu ya valvu, wima kabisa. Utasikia mlio mfupi kisha kimya. Ukisikia upepo unaendelea kupuliza, hujabana vizuri na namba unayoiona ni ya uongo. Pima mara mbili, zikilingana, umepata. Kisha rudisha kofia, maana ndiyo inayozuia vumbi na maji yasiingie kwenye pini ya valvu. Kofia ya plastiki ya mia tano imeokoa matairi mengi.

Fanya hivyo angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Tairi zima, lisilo na tundu, hupoteza psi 1 au zaidi kwa mwezi kwa kupenyeza tu kwenye mpira. Usitegemee macho: tairi za siku hizi zina tabia ya kuvimba kidogo chini hata zikiwa na upepo kamili, na tairi linaweza kupungua psi 8 ukaliona la kawaida. Kitu cha kukushtua ni tairi moja kushuka wakati matatu yamebaki palepale. Hiyo ni pancha ya polepole. Chukua maji ya sabuni, paka kwenye valvu, kwenye kashata na pale mpira unapokutana na rimu, subiri. Mapovu yatakuonyesha.

Kompresa ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara ni kifaa ninachokipendekeza kwa kila anayetoka nje ya mji. Iendeshe injini ikiwa inawaka, la sivyo betri itakulipisha. Kuhusu naitrojeni inayouzwa kwenye baadhi ya vituo, sina ugomvi nayo, lakini hewa ya bure tunayoivuta ina naitrojeni asilimia 78 tayari. Aliyejaza hewa ya kawaida na kuipima kila mwezi yuko salama kuliko aliyelipia naitrojeni akaisahau mwaka mzima.

Kuna magari yenye taa ya njano kwenye dashibodi, umbo la kiatu cha farasi lenye alama ya mshangao katikati. Marekani na Ulaya zimelazimisha mfumo huo kwenye magari mapya kwa miaka mingi sasa, lakini mengi tunayoyapata kutoka Japani hayana. Na hata gari likiwa nayo, kwa kanuni za Marekani taa hiyo hutakiwa kuwaka upepo ukishapungua robo nzima. Ikiwaka, umeshachelewa kidogo.

Tazama pia umri wa tairi. Kwenye ubavu, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi mtumba linaweza kuwa na kashata nzito, jeusi tii kwa kupakwa rangi, na likawa na miaka 12. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Likifika miaka 6 lianze kuangaliwa na fundi mzuri, na likifika 10 liondoke hata kama linang'aa. Kashata zenyewe zina vinundu vidogo chini ya mifereji, vimewekwa kwenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana navyo, hilo ni kipara, halina mjadala.

Na spea je? Hapa ndipo Watanzania wengi tunapoumbuka. Tairi la akiba ndilo linalokaa muda mrefu kuliko yote bila kuguswa, na ndilo tunalolitegemea saa mbaya kuliko zote. Limelala chini ya zulia la buti, chini ya dumu la mafuta, viatu vya zamani na mwavuli uliovunjika. Lipime kila unapopima mengine. Kama ni lile jembamba lenye rimu ya njano au maandishi ya onyo, upepo wake ni kPa 420, yaani psi 60, na halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Ni la kukufikisha kwa fundi. Kulifunga wiki tatu ni kujitafutia balaa. Kwenye magari ambayo spea huning'inia chini ya uvungu, kama Hiace nyingi na baadhi ya Prado, kuna mnyororo unaoshushwa kwa fimbo ya chuma kupitia tundu la nyuma. Ushushe siku moja ukiwa nyumbani. Ukikaa miaka bila kushushwa unashika kutu, na utaligundua hilo saa tano usiku ukiwa porini na watoto ndani ya gari.

Magari madogo kadhaa ya miaka ya karibuni hayana spea kabisa. Pale pangekaa tairi kuna kompresa ndogo na chupa ya dawa ya kuzibia. Ukinunua gari, inua zulia la buti kabla hujatoa hela. Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari na si tairi lililopasuka ubavu, na ina tarehe ya mwisho wa matumizi kama dawa nyingine yoyote. Hakikisha pia jeki ipo, spana ya tairi ipo, na kama rimu zako zina nati moja ya kuzuia wezi, ufunguo wake upo. Ufunguo huo ukibaki Japani, fundi atakutoza kwa jasho lake na nati itatoka imeumia.

Sasa tuseme yametokea. Pancha ya kawaida haiji kwa kishindo. Usukani unaanza kuvuta upande mmoja, au nyuma gari linayumba kama limelewa, kisha unasikia mpira unapiga lami kwa sauti nzito. Usishike breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, washa hazadi, punguza mwendo, tafuta pa kutokea.

Kupasuka ni tofauti. Kunakuja na mlio kama wa bunduki na gari linavutwa mara moja kuelekea upande wa tairi lililopasuka. Mguu wa kila mwanadamu hapo unakimbilia breki, na breki hiyo ndiyo inayopindua magari. Shika usukani kwa mikono yote miwili, lilazimishe gari kubaki kwenye njia yake, usiuachie mguu wa mafuta ghafla, uachie kidogo kidogo, acha gari lijipunguze lenyewe. Likishafika mwendo wa kutembea ndipo uguse breki na kutoka pembeni. Ndiyo sababu nyingine ya kutoendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukichambua karanga.

Usisimame popote tu. Kwenye kona, juu ya mlima ambapo wa nyuma hakuoni, au darajani, endelea polepole hata kama tairi linatafunika. Rimu hununuliwa. Pale Kitonga, mkoani Iringa, lori linaloshuka nyuma yako halina nafasi ya kukukwepa. Jikokote mpaka upate sehemu pana. Ukikanyagia tairi bapa mita mia tano umelipoteza, sawa, umelipoteza.

Mikumi ina kanuni zake. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na tembo, nyati na simba hawajui kuwa wewe uko safarini tu. Tairi linalokutia shaka likaguliwe Morogoro, au walau kabla hujapita Doma, si ndani. Pancha ikikukuta mle, ukiweza jikokote na hazadi mpaka utoke au ufike penye watu. Ukishindwa kabisa, simama mahali peupe unapoona mbali pande zote, kaa ndani na vioo juu, omba msaada kwa simu au kwa gari linalopita, na hasa kwa askari wa hifadhi. Anayeshuka kubadilisha tairi peke yake, jioni, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, amejiweka mahali pabaya sana.

Mjini hatari ni ya namna nyingine. Mtu akikupigia honi na kukuonyesha tairi kwa kidole, hasa usiku kwenye barabara tulivu, huenda ni msamaria na huenda si msamaria. Kama gari linakwenda sawa, mshukuru kwa mkono na uendelee taratibu hadi kituo cha mafuta chenye taa na watu. Huko ndiko ushuke kuangalia.

Umeshapata mahali: tambarare, pagumu, mbali na lami kadiri inavyowezekana. Kumbuka tunaendesha kushoto, kwa hiyo tairi la kulia likitoboka, mgongo wako utakuwa barabarani wakati wa kazi. Sogea zaidi nje. Abiria wote washuke upande wa kushoto na wakakae mbali na gari, juu ya ukingo, si mbele ya bonneti wala nyuma ya buti. Watoto washikwe mkono. Pembetatu zile ambazo trafiki huziulizia, moja iende nyuma ya gari hatua mia moja, kwa kuwa lori la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde na dereva wake anahitaji sekunde kadhaa za kukuona, kuamua na kusimama. Nyingine iende mbele.

Wengi hutumia matawi ya miti badala ya pembetatu. Kwa mchana, kama huna kitu kingine, ni bora kuliko kutoweka chochote. Madereva wetu wote wanaisoma lugha hiyo. Lakini mawe! Mawe makubwa ya kuzuia magurudumu na ya kupanga barabarani, ambayo mwenye gari akishamaliza anaondoka na kuyaacha palepale kwenye lami. Usiku ule ule mwenye bodaboda anayakuta. Aliyeweka jiwe barabarani na kuliacha ameacha mtego, na sioni kwa nini tunamwita mtu mwenye bahati mbaya badala ya kumwita jina lake.

Vuta breki ya mkono. Gari la otomatiki liwe kwenye P, la manyuo liwe gia namba moja. Weka jiwe au kipande cha gogo kwenye gurudumu lililo kinyume kabisa na lenye pancha: likiwa la mbele kushoto, zuia la nyuma kulia. Kisha legeza nati kabla hujainua gari. Hili ndilo wanaojifunza huligeuza, wakainua kwanza na kuanza kuvuta nati huku gari likicheza juu ya jeki. Geuza kinyume na saa, nusu mzunguko inatosha. Zikiwa zimekazwa na mashine ya fundi hazitasikia mkono. Weka spana mlalo upande wa kushoto wa nati, ishike vizuri, kanyaga kwa uzito wa mwili taratibu. Usirukeruke juu yake.

Jeki ina mahali pake. Pitisha mkono chini ya ukingo wa mlango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele au mbele kidogo ya la nyuma, utagusa mapengo mawili madogo kwenye ukingo wa bati. Jeki ikae kati ya mapengo hayo. Ukiiweka popote itatoboa bati au kuteleza. Kama ardhi ni mchanga au tope, tanguliza kipande cha ubao mpana chini yake. Dereva wa safari anakuwa nacho butini. Kabla hujaendelea, laza spea chini ya uvungu wa gari karibu na jeki. Jeki ikianguka, gari litaangukia tairi na si mguu wako. Tairi bovu likishatoka, libadilishane nafasi na spea. Na katika yote haya, kichwa, bega au mkono wako usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki. Jeki ya gari imetengenezwa kwa kazi moja, kubadilisha tairi, na hata hiyo inaifanya kwa kusitasita.

Pandisha spea. Upande wa nati uliochongoka kama koni unatazama rimu. Zifunge zote kwa vidole kwanza, kisha zikaze kidogo kwa kurukia ya upande wa pili kila mara, mfano wa kuchora nyota, ili rimu ikae sawa. Shusha gari, ndipo ukaze kwa nguvu, kwa mtindo ule ule wa nyota. Usipake grisi wala oili kwenye nyuzi. Baada ya kilomita 50 hivi simama ujaribu tena kwa spana, kwani nati hulegea kidogo rimu inapojipanga. Na kabla hujaondoka, okota pembetatu zako, na matawi, na mawe yote.

Kwa fundi pancha kuna mambo mawili ya kukomalia. Kwanza, ukiona msumari umezama kwenye tairi ambalo bado lina upepo, usiuchomoe barabarani. Umeliziba tundu wenyewe. Jaza upepo, nenda mdogo mdogo hadi kwa fundi. Pili, jua linalozibika na lisilozibika. Tundu la milimita 6 au pungufu, likiwa katikati ya kashata, linazibika. Uzi wa mpira unaochomekwa kwa nje ni wa haraka na watu wanatembea nao miaka, lakini kazi ya kuaminika ni tairi kuvuliwa kwenye rimu, kukaguliwa ndani, kisha kuzibwa kwa kiraka chenye shina linalojaza tundu. Likivuliwa, sogea utazame. Ukikuta unga mweusi na vipande vya mpira vimesagika ndani, tairi hilo limetembea bila upepo na ubavu wake umekwisha, hata kama nje ni zima. Lisizibwe.

Tundu la ubavuni halizibwi. Fundi atakuambia, "Mama, tunatia tyubu, unatembea hata mwaka." Atatia kweli, na tairi litashika upepo kweli, lakini ubavu uliokatika bado umekatika, na tyubu inayosuguana na ndani ya tairi lililotengenezwa bila tyubu inapata moto. Likienda, linakwenda lote kwa mara moja. Mshukuru, nunua tairi. Na kama jirani na wewe pale gereji wanajaza tairi la lori lenye rimu ya pete, usisimame kutazama. Pete ikiruka hufanya kazi ya kombora. Kasimame mbali.

Kisha siku hiyo hiyo, kabla hujaenda nyumbani, hakikisha tairi lililozibwa limerudi mahali pake na spea imerudi butini ikiwa na upepo kamili. Anayesema atarudi kesho ndiye anayekutwa na pancha ya pili wiki hiyo akiwa hana kitu. Na fundi akikuuliza tuweke ngapi, funga simu, fungua mlango, msomee namba.